Pingili Iliyonyamaza

Ngazi ya kupanda kwa Mama Kacha ilikuwa na vidato kumi na tisa, na kabla mgonjwa hajafika cha kumi, mwenyewe kule juu alikuwa ameshajua nusu ya habari. Mwenye kiuno kibovu huweka miguu yote miwili juu ya kidato kimoja kabla ya kwenda kinachofuata, kama mtoto anayejifunza kupanda. Mwenye ganzi ya mguu, kiatu chake hupiga pap! kwa sababu ncha hainyanyuki. Mwenye shingo mbaya ndiye mjanja. Hupanda sawasawa kama askari wa gwaride, ila akishaingia hageuki kufunga mlango. Huusukuma kwa kisigino.

Cheti chake, kilichotundikwa juu ya sinki, kilisema amehitimu kairopraktiki. Fundi aliyemchorea kibao cha mlangoni alilitazama neno hilo, akakuna kidevu na kusema, “Mama, hili litamaliza rangi yangu na hakuna atakayelisoma.” Wakakubaliana kuandika TIBA YA MGONGO NA VIUNGO KWA MIKONO. Hata hivyo kibao hakikuwa na kazi kubwa. Watu waliulizana tu, “Umeshakwenda kwa Mama Kacha?” Na Kacha ilikuwa ile sauti yenyewe, inayotoka kiungo kinapofunguka chini ya mikono yake: kacha! Wapo waliopanda wamejikunja kama kulabu, wakashuka wakipiga mluzi, na walichokwenda kusimulia kilikuwa ule mlio zaidi ya kupona kwenyewe.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye viganja vipana na vikavu. Alijiamini kwa namna ya mtu anayejua kuogelea: hana haja ya kumtangazia yeyote, maji yenyewe yatasema. Vyumba vyake viwili vilikuwa juu ya duka la miwani. Cha mbele kilikuwa na benchi, feni iliyoyumba kidogo, na sanduku la chuma lenye kadi za wagonjwa. Kila kadi ilikuwa na mchoro wa mgongo wa binadamu, na juu ya mchoro huo yeye aliweka alama kwa penseli: duara kwa kiungo kilichokwama, mistari miwili kwa kiungo kilicholegea. Cha nyuma kilikuwa na vitanda viwili vya kazi na kabati. Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia kila siku kama dua: mkono usome kwanza, ndipo uandike.

Jumamosi ile alianza na Bibi Taipu, mpiga chapa mstaafu wa miaka themanini kasoro, ambaye vidole vyake bado vilicheza juu ya mkoba kama vina barua ya kumaliza.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Leo usinipige na hiyo stepla yako. Mimi si karatasi.”

Stepla aliyoisema ilikuwa kifaa kidogo cha chuma chenye springi ndani na ncha ya mpira. Ukikibonyeza kinagonga mara moja, haraka sana, kwa nguvu ndogo isiyozidi ya kidole kinachobisha hodi.

“Bibi, wewe ni karatasi nyepesi, ndiyo maana natumia stepla.”

“Mwenzangu wa jengo letu umemvunja kacha, kacha, akanisimulia mpaka salio la simu likaisha. Mimi nimekosa nini?”

“Hujakosa kitu. Mifupa yako imekula chumvi nyingi. Mlango mpya unausukuma kwa bega, mlango wa zamani unaugonga kwa kidole.”

“Na ukifunguka?”

“Yote miwili unaingia ndani.”

Bibi akacheka, akalala kifudifudi. Kifaa kikagonga mara sita, tik, tik, kila mahali palipochaguliwa na kidole kwanza.

Baada yake alikuja bawabu wa benki, aliyekuwa na maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Huyo hakugongwa wala kuvunjwa. Alilazwa juu ya kitanda cha pili, ambacho nusu yake ya chini hushuka na kupanda polepole kama daraja, huku mkono wa Mama Kacha ukishikilia pingili moja tu ya kiuno isiende na zile nyingine. Shuka, panda, shuka, panda. Dakika ya nne bawabu alikuwa anakoroma. Wajawazito nao waliwekewa kabari za sponji chini ya nyonga, wakaachwa wapumue, uzito wao wenyewe ufanye kazi. Mikono ni ileile, alipenda kusema, lakini hakuna anayefungua kila kufuli kwa ufunguo mmoja.

Ilikuwa saa tano na ushei aliposikia hatua za watu wawili. Za mbele zilikuwa za haraka, za mwanamke aliyebeba kitu. Za nyuma zilikuwa sawasawa mno. Mlango ukafunguka, akaingia wifi yake na kapu, kisha mdogo wake wa kiume. Mlango ukasukumwa kwa kisigino.

“Wifi, nimekurudishia mali yenu,” alisema yule mwanamke akitua kapu. “Mmenioza mume anayegeuka na mwili mzima kama kabati.”

“Ulimchukua mzima wewe. Dhamana imeisha.”

Wifi akacheka. Mdogo mtu hakucheka, akatangulia chumba cha nyuma.

Huyu alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, katika bohari la vifaa vya ujenzi. Wenzake walimwita Rivasi, kwa sababu foklifti ikishabeba mzigo mrefu mbele, dereva haoni kitu. Hurudi nyuma siku nzima, kidevu begani. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekula mkate wake kinyumenyume, na kwa mazoea alitazama juu ya bega la kulia.

“Dada, nimegonga,” alisema.

“Umegonga nini?”

“Rundo la vigae. Juzi. Nilikuwa narudi nyuma na mabomba, nikageukia kulia, kushoto shingo ikakataa. Nikasema nitakisia tu, mbona njia naijua. Nikasikia vigae vinalia.” Akasugua bega la kushoto. “Pale nyuma ya rundo alikuwa amesimama mtunza stoo. Alikuwa ameondoka hatua mbili tu, dada. Mbili.”

Feni ya chumba cha mbele iliendelea kuyumba.

“Msimamizi ameita mkaguzi. Ijumaa asubuhi napimwa upya. Nikishindwa kutazama nyuma pande zote mbili, natolewa kwenye mashine napewa ufagio. Miaka kumi na minne, halafu ufagio.” Akavuta stuli, akaketi, akainua kidevu. “Basi vunja yote leo. Kushoto, kulia, katikati. Nimejileta.”

Mama Kacha alisimama nyuma yake, akaweka kiganja kimoja chini ya taya na kingine chini ya kisogo. Mikono iliijua njia hiyo. Kwa miezi minane, kila Jumapili baada ya chakula, alikuwa akimketisha mdogo wake kwenye kiti cha mezani kwake na kumvunja shingo huku wifi akiondoa sahani. Kacha kulia, kacha kushoto, mtu akaamka akisema ahsante dada.

“Mvunje vizuri basi,” wifi alisema akitafuta pa kukaa. “Maana kesho alfajiri atajimalizia mwenyewe pale kwenye kioo. Kacha huku, kacha kule, ndipo apige mswaki.”

Mikono ikasimama.

“Kila siku?”

“Na kazini mara tatu nne,” Rivasi alijibu kwa fahari kidogo. “Inalia vizuri tu, dada. Siku hizi hata sihitaji nguvu.”

Kwa mtu mwingine maneno hayo yangekuwa habari njema. Mama Kacha aliyasikia kama fundi bomba anavyosikia maji yakitembea ndani ya ukuta. Aliondoa mikono, akaenda chumba cha mbele, akafungua sanduku la chuma. Alipekua kadi moja moja hadi ya mwisho, ingawa alijua vizuri kwamba hataikuta. Bawabu alikuwa na kadi. Bibi Taipu alikuwa na kadi tatu zilizobanwa pamoja. Mdogo wake wa tumbo moja hakuwa nayo. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Hawakuongeza kwamba na ndugu zake huwaganga juu juu, kwenye kiti cha mezani, mkono mmoja ukiwa bado unanukia sabuni ya vyombo.

Alirudi na kadi mpya na penseli.

“Vua shati. Tunaanza upya kama hatujuani.”

“Dada, na mimi?”

“Hasa wewe.”

Akamuuliza maswali yote anayowauliza wageni. Vidole vinakufa ganzi? Hapana. Kizunguzungu? Macho kuona viwiliviwili? Homa, kukonda, maumivu yanayokuamsha usingizini? Hapana, hapana, hapana. Alimwamuru aminye vidole vyake kwa nguvu, akagonga viwiko kwa nyundo ndogo ya mpira, akasubiri mikono iruke, ikaruka. Jibu moja tu baya lingetosha kumfanya akunje kadi na kuandika barua ya hospitali, ndugu au si ndugu. Hakukuwa na jibu baya. Ndipo akafumba macho na kuuacha mkono usome.

Ulianza kisogoni ukashuka. Pingili za katikati ya shingo zilikuwa zinacheza kama jino la mtoto lililo karibu kung'oka. Kila aliyezigusa angezisikia zikilia, hata kinyozi. Aliteremka zaidi, pale shingo inapoungana na mgongo, kisha kati ya mabega, kisha kwenye mbavu za juu upande wa kushoto. Hapo palikuwa pagumu kama droo iliyovimba kwa unyevu. Alisukuma kwa kidole gumba. Hakuna kilichosogea wala kulia. Aliweka duara tatu kwenye mchoro, na juu ya shingo mistari miwili, akaikoleza mpaka penseli ikavunjika ncha.

Kosa lenyewe alilijua kwa jina, maana ndilo kosa la watu wa kazi yake na si la mwingine. Kiungo kilichokwama hakilii kirahisi. Kinacholia kirahisi ni jirani yake, ambaye amekuwa akifanya kazi ya wawili mpaka amelegea. Mwenye pupa hufuata mlio, na kila siku humlegeza aliyelegea.

“Nimekukosea,” alisema. “Miezi minane namchapa anayefanya kazi, na mvivu nimemwacha amelala.”

“Sijakuelewa.”

“Shingo yako haijakwama. Mgongo wa juu ndio uliokwama, na mbavu zake. Shingo inageuka kwa ajili yake yenyewe na kwa ajili ya jirani, imechoka, misuli imeifunga ili isiumie. Ndiyo maana unashindwa kutazama kushoto.”

“Kwa hiyo leo hunivunji?”

“Shingo, hapana. Na wewe hujigusi mpaka Ijumaa ipite.”

Rivasi akamgeukia, mwili mzima, kama kabati kweli. “Dada, umeanza kuogopa. Ni umri huo.”

“Umri ninao. Woga sina. Lala kifudifudi.”

Kitanda cha kwanza kilikuwa na vipande vinne, na kila kipande kiliweza kuinuliwa kwa upana wa kidole kisha kuangushwa. Aliinua kile cha kifuani, akaweka kiganja juu ya pingili iliyo kati ya mabega, akasukuma kwa ghafla. Kipande kikaanguka tako! na mwili ukashuka nacho. Kitanda ndicho kilicholia, mgongo ukanyamaza. Akarudia mara tatu. Kisha akaingiza vidole chini ya mfupa wa bega la kushoto, akakandamiza msuli mgumu mpaka Rivasi akamwita mama yao aliyelala kaburini. Mwisho akamketisha, akaweka kiganja kwenye shavu lake.

“Sukuma kichwa dhidi ya mkono wangu. Taratibu. Mimi sikubali. Hesabu mpaka saba. Sasa legea.” Kichwa kikageuka zaidi kidogo kuliko mwanzo. “Tena.”

Alipima kwa vidole vyake, kutoka kidevuni hadi begani. Kulia, vidole vitatu. Kushoto, saba.

“Viwe vinne Ijumaa,” alisema, “na uone nyuma.”

Kazi ya nyumbani alimpa wifi. Rivasi aketi kwenye kiti, mkono wa kushoto ushike mgongo wa kiti, agandishe makalio, ageuke kuanzia mbavu na si kuanzia kidevuni. Wifi asimame nyuma kushoto, anyooshe vidole, naye avihesabu. Asubuhi mara ishirini, jioni mara ishirini.

“Na akijivunja?” wifi aliuliza.

“Mpige kwa chochote ulichoshika.”

“Wifi, hiyo ndiyo dawa niliyokuwa naisubiri tangu ndoa.”

Jumatatu vidole vilikuwa saba vilevile. Jumanne sita, kwa kumhurumia. Rivasi alilalamika kwamba mikono yake inawasha kama ya mvutaji aliyenyimwa sigara, na kwamba kila akipita kwenye kioo wifi yupo nyuma yake na mwiko. Mama Kacha alimsikiliza, akamlaza, kitanda kikalia tako, tako. Hakumwahidi kitu. Alijua alichokisoma.

Jumatano saa kumi alikuwa amemlaza mgonjwa wa kiuno simu ilipolia.

“Wifi, mtu wako amenitoroka,” sauti ilisema. “Ameamka shingo imekaza, kutwa nzima amenuna, sasa hivi amesema anakwenda kupunguza nywele. Na nywele hana!”

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mtu mtaani alijua kwamba kinyozi wa kona, akimaliza kunyoa, humshika mteja kidevu na kumpa kacha mbili za bure. Mama Kacha alimwomba radhi mgonjwa wake, akashuka vidato kumi na tisa bila kuvihesabu, akavuka barabara na koti lake jeupe.

Rivasi alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, macho yamefumbwa. Kinyozi alikuwa nyuma yake, kiganja kimoja tayari chini ya taya.

“Ondoa mkono,” Mama Kacha alisema kutoka mlangoni.

Kinyozi akaruka. “Mama Kacha! Karibu. Mbona tunafanya biashara moja?”

“Biashara yako ni nywele.”

“Sasa huyu hana nywele, mama. Nimnyoe nini?”

Wateja kwenye benchi wakaangua kicheko. Rivasi alifumbua macho, akamwona dada yake ndani ya kioo, na aibu yake ikageuka hasira.

“Siku tano, dada! Siku tano sijajigusa, na leo ni mbaya kuliko jana. Keshokutwa napimwa. Unataka nikaeleze nini kule? Kwamba dada yangu amesoma mgongo?”

Mama Kacha alikwenda akasimama nyuma ya kiti, mahali pa kinyozi, akamwangalia mdogo wake ndani ya kioo.

“Kuna nini ukutani nyuma yako, upande wa kushoto, pale kioo kisipofika?”

“Mimi nitajuaje?”

“Geuka uone. Taratibu. Kwa shingo peke yake.”

Rivasi aligeuza kidevu. Kikafika nusu ya njia kikagoma, uso ukakunjamana. “Naona mlango.”

“Rudi mbele.” Aliingiza vidole chini ya mfupa wa bega lake la kushoto, akauinua kidogo. Kwa kiganja kingine alizishika mbavu za juu akazisogeza, nguvu ndogo tu, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvaa koti. “Sasa geuka tena. Shingo sijaigusa. Wote mnaona sijaigusa?”

“Tunaona,” benchi likajibu.

Kidevu kikaenda. Kikapita mlango, kikapita kabati la taulo, kikafika ukutani.

“Kuna kalenda,” Rivasi alisema polepole. “Ina picha ya farasi.”

“Mweupe au mweusi?”

“Mweupe. Mguu mmoja ameunyanyua.”

Benchi zima likageuka kuitazama kalenda. Mama Kacha akaondoa mikono, kidevu kikarudi chenyewe, farasi akapotea.

“Nilipoinua bega, shingo ilipata nafasi,” alisema. “Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya, na haina kelele. Umekaza leo kwa sababu mvivu ameanza kuamka, na mtu akiamshwa hununa. Kinyozi angekupa mlio, ungelala vizuri leo, keshokutwa ungeshika ufagio. Chagua.”

Rivasi aliketi akijitazama kwenye kioo, akafungua shuka shingoni, akampa kinyozi.

“Na mimi nimsomee kwanza mteja?” kinyozi aliuliza. Alikuwa anatania, lakini si sana.

“Wewe msomee nywele,” alisema Mama Kacha. “Ukiona mtu shingo yake inalia bila nguvu, mlete juu.”

Alhamisi alimlaza kwenye kitanda kwa dakika arobaini, akatumia karibu kila alichokuwa nacho. Alitumia kipande kinachoanguka kwa mgongo, na kidole gumba kwa misuli ya bega. Kwa ubavu wa pili alichukua ile stepla ya Bibi Taipu, maana ubavu huo ulikuwa unauma mno kusukumwa kwa kiganja. Stepla iligonga mara nne. Katika mara ya nne alihisi chini ya kidole chake kitu kimekubali, kidogo sana, kama droo inayoachia upande mmoja. Hapakusikika chochote. Akamketisha, akapima. Vidole vinne.

“Imetosha?” Rivasi aliuliza akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

“Mkono unasema imetosha. Kesho mkaguzi naye aseme.”

Ijumaa alitundika mlangoni karatasi ya NITARUDI SAA SITA, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afungue. Alisimama na wifi nje ya uzio wa waya wa bohari, wametazama uwanja uliochorwa njia za manjano. Rivasi alikuwa juu ya kiti chake, mabomba yamelala mbele. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye ubao na filimbi, ambaye uso wake haukuonyesha kama amekula au ana njaa.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kwenda mbele bila mzigo. Wa pili ulikuwa wa kurudi nyuma akitazama kulia, na huo Rivasi angeufanya hata usingizini. Wa tatu ulipoanza, mkaguzi alipotea nyuma ya rundo la saruji, upande wa kushoto.

“Amekwenda wapi yule?” wifi alinong'ona.

“Upande uleule aliokuwa mtunza stoo.”

Foklifti ilianza kurudi, ikilia pi, pi, pi. Mama Kacha hakuitazama mashine. Alitazama mkono wa kushoto wa mdogo wake, akauona unashika mgongo wa kiti. Makalio yakatulia. Mbavu zikageuka kwanza, bega likafuata, na kidevu kikaja mwisho, bila haraka, kikapita pale kilipokuwa kikigoma. Mkaguzi alichomoza hatua moja kutoka nyuma ya saruji.

Foklifti ikasimama. Honi ikapigwa.

Mkaguzi hakuandika kitu. Aliashiria arudie. Safari hii hakuchomoza amesimama. Alichutama nyuma ya rundo kama mtu anayeokota glavu, nusu ya kofia yake tu ikionekana. Wifi, ambaye kwa siku sita alikuwa amesimama nyuma kushoto ya mumewe asubuhi na jioni, hakuweza kujizuia. Aliinua mkono juu ya uzio na kunyoosha vidole vitatu.

Pi, pi, pi. Mkono ukashika kiti. Mbavu, bega, kidevu. Foklifti ikasimama mita nne kabla ya ile kofia, honi ikalia, na kutoka kwenye kiti ikasikika sauti kubwa uwanjani kote:

“Vitatu!”

Mkaguzi aliinuka. “Vitatu nini?”

“Samahani, mzee,” Rivasi alijibu. “Nimekuona wewe, na nimemwona mke wangu pale kwenye uzio.”

Mkaguzi aligeuka akatazama uzio, akamwona mwanamke mwenye vidole hewani na mwingine mwenye koti jeupe. Akaupima kwa macho umbali kutoka kwenye kiti cha foklifti hadi pale. Kisha akaegemeza ubao kwenye rundo la saruji, akaandika mstari mmoja, akapiga muhuri. Msimamizi aliyekuwa kando alimnyooshea Rivasi kidole gumba, na siku ileile, kabla ya saa sita, mabomba yale yalipelekwa rafuni na dereva yuleyule wa zamani.

Jumamosi, saa tano na ushei, Mama Kacha alisikia hatua ngazini. Zilikuwa za kawaida, za mtu asiyechunga kitu. Rivasi aliingia, akageuka akafunga mlango kwa mkono, wala hakujua kwamba amefanya jambo.

“Dada, sasa nimefaulu,” alisema akivua shati. “Nipe kacha moja tu. Ya shukrani.”

Mama Kacha alikuwa ameshafungua sanduku la chuma. Akachomoa kadi, akasoma alama zake za juzi, akachonga penseli.

“Lala kifudifudi.”

“Moja tu, dada. Ndogo.”

Akainua kipande cha kifuani, akaweka kiganja kati ya mabega, akasukuma. Kitanda kikalia tako! “Hiyo ndiyo kacha yako,” alisema.